Sakafu Iliyonyooka Kupita Kiasi

Mtaa mzima unamwita mume wangu Pimamaji, na jina hilo hakuliokota njiani. Ni fundi wa vigae, na pimamaji, kile kifaa kirefu chenye kiputo cha hewa kinachocheza ndani ya kioo, ndicho anachokiamini kuliko macho ya watu. Mafundi wengine hukiacha kwenye mfuko wa kazi saa ya kutoka ikifika. Wangu huja nacho nyumbani. Siku aliyokuja kwa wazazi wangu kuniposa, aliweka kikombe cha chai mezani, akakitazama, akainamisha kichwa kidogo, kisha akamwambia baba yangu kwa adabu zote kwamba meza ile imelalia kushoto. Mjomba wake aliyemsindikiza alimkanyaga mguu. Baba aliinuka kwenda kutafuta kipande cha kadibodi cha kuweka chini ya mguu wa meza. Hapo nikajua nimeshaolewa.

Sijui kama mnaelewa maana ya kuishi na mtu wa namna hiyo. Kitanda chetu kimepimwa. Jiko limepimwa. Picha ya harusi yetu imeshushwa ukutani na kutundikwa upya mara nyingi mno; mimi ninaiona iko sawa, yeye anaona bibi harusi anaanguka. Kitindamimba wetu, msichana wa miaka saba mwenye ulimi wa mtu mzima, aliyebaki nasi wakubwa wakiwa shule za bweni, akitaka kumchokoza baba yake huisukuma ile picha kwa kidole kimoja, kisha anakaa kusubiri. Dakika mbili haziishi.

Nyumba yetu tuliijenga kwa miaka tisa. Nasema tuliijenga kwa sababu na mimi nilibeba maji na kupiga kelele, na hizo zote ni kazi. Chumba cha mwisho kukamilika kilikuwa sebule, na hapo mume wangu alitoa ufundi wake wote. Aliweka vigae vyeupe vinavyong'aa, kutoka ukuta wa nyuma hadi mlango wa mbele, mita sita kwa nne, na kila kimoja alikigonga kwa nyundo ya mpira akisikiliza sauti yake kama daktari anayesikiliza kifua. Alipomaliza aliweka gololi katikati ya chumba. Gololi ikatulia. Akaipeleka kwenye kona, ikatulia. Mafundi wenzake walikuja kutazama, na mmoja alilala kifudifudi, jicho moja amelifumba, akakaa hapo muda mrefu hadi nikadhani amepitiwa na usingizi. Alipoinuka alisema sakafu kama ile hajapata kuiona. Mume wangu alivimba kichwa wiki nzima, na mimi nilimwacha avimbe. Alistahili.

Basi tukaishi na sakafu yetu. Mimi nashona sare za shule, asubuhi naondoka na jioni narudi, kwa hiyo usafi wangu ulikuwa wa haraka: kitambaa kilichokamuliwa, pitisha huku, pitisha kule, maliza. Hatukuwa na neno.

Shida ilikuwa kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili ambamo mume wangu alizaliwa, mwendo wa saa tatu kutoka kwetu. Ni mama mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu, lakini ukimwuliza alikwambia taa za siku hizi ndizo mbovu. Mara tatu tulimwomba aje kukaa nasi, mara tatu akakataa. Kisha siku moja aliweka maharagwe motoni, akaenda kujilaza kidogo, na majirani ndio waliovunja mlango kwa sababu ya moshi. Walimkuta mzima, anakohoa na kuwafokea kwa kumvunjia mlango. Lakini mume wangu alipopokea simu ile alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye mfuko wa saruji. Tangu siku hiyo kila simu ilipolia alishtuka. Alikonda. Alikosea hata vipimo vya kazi, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu anioe.

Tukaenda wote wawili kumbembeleza. Alitusikiliza huku akichambua mchele, hata kichwa hakuinua.

"Siku kumi na nne," alisema mwishowe. "Nitakuja nijaribu. Nisipopazoea mnanirudisha, na habari hii hatuizungumzi tena mpaka nife."

"Sawa, Mama," mume wangu akasema.

Alimwandalia chumba kama anayemsubiri waziri. Godoro jipya, taa inayowaka kwa kuvuta kamba ili asihangaike kutafuta swichi, vishikio vya chuma ukutani hadi chooni, vyote vimepimwa kwa urefu wa mkono wake. Mama mkwe alipofika alipita polepole akishika hiki na kile, akasema ni pazuri, akashukuru. Mfuko wake wa nguo akauweka miguuni mwa kitanda. Hakuufungua wala kuupanga kabatini. Kila alipohitaji kitu alikitoa, akakitumia, akakirudisha mfukoni na kufunga zipu.

Na adabu, jamani. Hicho ndicho kilichonitisha. Mtu aliyekuwa akinifokea kwa upendo kwamba chumvi yangu ni ya hospitali, sasa alikula kila kitu na kusema asante. Alikaa ukingoni mwa kiti. Aliniomba maji ya kunywa, akaniomba ruhusa ya kufungua dirisha. Siku ya nne alimwuliza kitindamimba kama anaweza kupita kwenda msalani, na mtoto akamwangalia kwa mshangao, akamwambia, "Bibi, choo si cha mtu."

Mume wangu hakuwa na habari. "Unaona alivyotulia?" aliniambia akiwa anapiga pasi shati lake la kazi, maana huyo hata shati la saruji hulinyoosha. "Amepapenda."

"Anayetulia ni mgeni," nikamjibu. "Ulimwona lini mama yako ametulia kwake?"

Alisema mimi napenda kutafuta matatizo. Nikamezea.

Siku ya nane nilirudi mchana kwa sababu uzi mweupe uliniishia na nilikuwa na akiba nyumbani. Nilipofungua mlango, maji yalinipokea. Sebule yote ilikuwa maji, kutoka ukuta hadi ukuta, yametanda na kutulia, unaona hadi dari ndani yake. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti katikati, miguu ameipandisha juu, ufagio uko mapajani. Pembeni zilikuwepo ndoo mbili tupu. Kitindamimba, ambaye alikuwa ametoka shule, alikuwa anatembea ndani ya maji sketi ameikunja kiunoni, furaha haina mfano.

"Mama, kuna nini? Bomba limepasuka?"

"Hapana, mwanangu." Aliongea chinichini, sauti ambayo sikuijua. "Nilitaka kuwaoshea nyumba. Nimemwaga maji huko mwisho kama ninavyofanya siku zote, nikawa nayafagia yaende mlangoni. Hayaendi. Nayasukuma, yanarudi. Nimeyafukuza tangu mtoto yuko shule. Nyumba yenu haikubali maji."

Nikaelewa. Kwake, kila Jumamosi tangu ujana wake, alifungua mlango, akabeba ndoo hadi ukuta wa nyuma, akamwaga, na maji yakashuka yenyewe hadi nje huku yeye akiyafuata na ufagio. Hakuhitaji macho kwa kazi hiyo. Ndiyo kazi iliyobaki aliyoweza kuifanya vizuri kuliko mtu yeyote wa umri wowote. Hapa alikuwa ameifanya vilevile, ikamshinda mbele ya mjukuu wake.

"Usimwambie mwanangu," alisema. "Ataona nimemharibia sakafu."

Nikapiga moyo konde, nikavua viatu, tukaanza kuzoa. Tulizoa kwa kizoleo cha takataka, kwa vitambaa, kwa shuka kuukuu, kwa kikombe. Saa mbili nzima. Maji yale hayakuwa na upande wa kuelekea. Ukiyatoa hapa, mengine yanakuja kujaza nafasi, taratibu, bila haraka yoyote. Nilimtukana mume wangu kimoyomoyo, yeye na gololi yake.

Siri ilidumu mpaka saa kumi na moja jioni. Mume wangu hakumaliza hata kuvua viatu, mtoto akamwambia, "Baba, leo Bibi alitutengenezea bwawa."

Alicheka, na alicheka kwa wema, sitaki mumdhanie vibaya. Kisha akaenda kumshika mama yake mabega. "Mama, usihangaike. Hapa huna kazi yoyote. Wewe kaa tu, upumzike." Kesho yake alirudi na kideki kipya chenye ndoo yake ya magurudumu na kikamulio cha kukanyaga kwa mguu. Akatuonyesha jinsi kinavyofanya kazi, amefurahi kama mtoto. Mama mkwe alikitazama, akasema, "Asante, baba. Kizuri sana." Akaingia chumbani. Mimi niliyekuwa karibu na mlango ndiye niliyesikia zipu ya mfuko ikifunguliwa, na muda mrefu baadaye ikifungwa.

Siku ya kumi na moja aliniita, akanikalisha kitandani, akanishika mkono. Alisema tumemtunza vizuri na hana lawama na mtu. Alikwisha mwomba kitindamimba ampigie simu dereva aliyemleta, naye angefika Jumapili, siku ya kumi na nne.

"Mimi hapa nakaa kama sahani ya kabatini, mkwe wangu," alisema. "Inafutwa vumbi, inarudishwa. Nirudisheni kwangu nikafe nikiwa na kazi."

Nilitoka pale nimewaka. Sikungoja jioni. Nilipanda hadi ghorofa ya tatu ya jengo alikokuwa mume wangu akiweka vigae vya bafu, nikamkuta amepiga magoti, mwiko mkononi, na wenzake wawili wanachanganya gundi ya vigae.

"Mama yako anaondoka Jumapili," nikamwambia.

Aliinuka. "Kwa nini? Amekosa nini?"

"Sakafu."

"Sakafu ina nini?"

"Imenyooka."

Wenzake waliacha kuchanganya. Mume wangu alinitazama kama niliyemtukania ukoo. Nikamweleza yote, kiti, miguu juu, ufagio mapajani, saa alizofukuza maji peke yake. Nikamwambia na habari ya sahani ya kabatini. Nilipofika hapo hasira ilinitoka na machozi yakaja, jambo lililoniudhi kwa sababu nilikuwa nimepanga kugomba.

Mume wangu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikwangua gundi iliyokauka kwenye kidole gumba.

"Sakafu ya nyumbani ilikuwa imeinama," alisema. "Meza haikukaa vizuri, penseli yangu ya shule iliviringika hadi nje. Watoto wenzangu walinicheka. Mimi siku zote nilisema fundi aliyeijenga alitudhulumu. Ndiyo sababu nikajifunza kazi hii, nikikua nimjengee Mama kitu kilichonyooka."

Hakuna aliyemcheka, hata mimi ambaye humcheka kwa jambo dogo kuliko hilo. Nilimwonea huruma kiasi kwamba nilitamani nirudishe maneno yangu. Lakini maneno yalikuwa ya kweli.

Ijumaa asubuhi, siku ya kumi na mbili, nyundo ilituamsha. Nilikimbia sebuleni, nikamkuta mume wangu karibu na mlango wa mbele ameshika tindo, na vigae vinne vimeshapasuka mbele yake. Alikuwa anavunja sakafu yake kwa mkono wake. Alipasua cha tano, akafumba macho kidogo, akaendelea. Wenzake wawili walikuwa wanahamisha viti.

Mama mkwe alitokea akishika ukuta. "Nani anabomoa nyumba?"

"Ni mimi, Mama."

"Umechanganyikiwa?"

"Natengeneza mteremko. Kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni. Ili ukimwaga maji yaende."

Mama mkwe aliuacha ukuta. Alikuja hadi tulipokuwa, akiusikiliza kwa nyayo kila ufa wa vigae vilivyovunjika, akasimama.

"Unaweka kiasi gani?"

"Sentimita moja kwa kila mita."

"Haitoshi," akasema. "Weka moja na nusu. Na usielekeze katikati ya mlango, elekeza upande wa bawaba, maji yasimwagikie mtu anayeingia."

Mume wangu aliinua kichwa. "Mama, haya umeyajulia wapi?"

"Ile ya nyumbani niliisimamia mwenyewe. Fundi alitaka kuninyooshea, nikamfukuza. Akarudi, akanyoosha tena, nikamfukuza tena. Mara ya tatu akanipa nilichotaka." Akavuta kiti, akaketi, na safari hii aliegemea. "Ulidhani iliinama yenyewe?"

Nilitamani mngeuona uso wa mume wangu. Miaka ishirini na tano mtu ananyoosha sakafu za watu, anarekebisha kosa la fundi ambaye hakukosea. Alibaki mdomo wazi, tindo mkononi. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, akacheka hadi akakaa juu ya vifusi, na mama yake akacheka kwa kumsikia, na wale mafundi wawili, ambao walikuwa wamejizuia tangu asubuhi, wakapata nafasi yao.

Kazi ilichukua siku tatu, na siku tatu hizo hatukuwa na amani, Mungu ashukuriwe. Mama mkwe alisimamia. Alikuwa na kikombe cha maji, na kila sehemu ya saruji ilipokauka alikimwaga na kusikiliza. "Hapa pamesimama," alisema. "Hapa panakwenda polepole. Wewe, mrefu, mbona umekimbilia chai?" Wenzake Pimamaji, watu wazima wenye watoto wao, walimwita Bosi. Vigae vyeupe vya kung'aa havikurudi. Aliletewa sampuli nne azikanyage, akachagua vile vya kukwaruza vinavyowekwa bafuni, kwa sababu nyayo zake zilivishika. Vilikuwa rangi ya udongo, na kusema kweli havikupendeza sana. Meza ilibidi ipunguzwe miguu miwili ili ikae sawa kwenye mteremko, na kabati likawekewa kabari. Mume wangu alipiga kabari ile huku anageuza uso pembeni, kama anayechomwa sindano.

Jumapili dereva alifika. Gundi ilikuwa haijakauka, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga sebule, na sote tulikuwa tukipitia mlango wa jikoni. Mume wangu aliacha kazi, akasimama uani mikono imemlegea. Alikuwa ametoa neno lake na alijua hawezi kulirudisha. Mimi mwenyewe nilijifanya naanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Mama mkwe alitoka, mfuko hana. Dereva akamsalimia, akamwuliza mzigo uko wapi amsaidie.

"Sijamaliza na hawa," alimwambia. "Uje wiki ijayo."

Wiki iliyofuata dereva alipiga simu. Mama mkwe alimwambia aje mwezi ujao. Hatukuuliza kitu. Kwenye nyumba yetu hata mtoto alishikwa na woga wa kuuliza, na huyo haogopi kitu. Mfuko ulikuwa bado umekaa miguuni mwa kitanda.

Kisha ikafika Jumamosi moja ambayo mume wangu hakuwa na kazi. Tulikuwa tunakunywa chai sebuleni, saa mbili asubuhi. Mama mkwe alitoka chumbani kanga ameifunga kiunoni, ufagio mkononi, akasimama katikati yetu.

"Tokeni."

"Mama, chai bado—"

"Mtainywea nje. Na viti mtoke navyo."

Tukatoka. Mume wangu alibeba meza, mimi viti, mtoto vikombe. Tukakaa uani na kusikiliza. Tulisikia ndoo ya kwanza ikigonga ukuta wa nyuma, kisha ufagio, chwa, chwa, chwa, na haukupita muda, maji yakatokea mlangoni upande wa bawaba, yakavuka kizingiti, yakashuka ngazi moja na kuingia kwenye mchanga. Ikaja ndoo ya pili. Ndani mama mkwe alianza kuimba, kwa sauti ile ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama kuna sherehe. Mume wangu alimwinulia kikombe chake cha chai.

Aliinuka kwenda kutazama. Akaweka mguu mmoja juu ya kizingiti.

"Nani huyo?" sauti ikatoka ndani. "Nani anaingia nyumbani kwangu na viatu, nami nimepiga deki?"

Mume wangu akaurudisha mguu haraka. Alikuja kukaa karibu yangu, machozi yanamtiririka na tabasamu limemjaa, wala hakujificha. Tukakaa hapo nje kusubiri sakafu ikauke.